Ndovu wa Makopo

Makopo yalilia saa saba mchana, na hakukuwa na upepo.

Daisy aliinua macho kutoka kwa koleo lake. Karakana ya Oloo pale Birikani ilikuwa imetulia vile Voi hutulia saa hiyo, jua likiwa utosini, mbuzi wamejibana kwenye kivuli cha choo, hata bodaboda zimenyamaza. Katikati alisimama ndovu wake, karibu aguse dari: mifupa ya nondo, ngozi ya vipande vya mabati na makopo ya mafuta ya kupikia, yote bado kwenye nyaya zake za zamani. Kopo la mkiani lililia. Kisha la pili yake. Mlio ukapanda mgongoni, kopo kwa kopo, polepole, kama mtu anayetembea huku akipitisha kiganja kwenye ukuta, ukafika kichwani, ukakoma.

"Ni joto," Oloo alisema bila kuvua miwani ya kuchomelea. "Chuma ikipata moto inatanuka. Si hiyo ndiyo ulisomea?"

Hakusomea hiyo. Alisomea sanaa, miaka minne, na tangu siku ya kuvaa joho alikuwa amepiga tarmac akitafuta kazi miaka sita, Nairobi hadi Mombasa, akiambiwa na watu wenye meza kubwa na vichwa vidogo kwamba kuchora ni hobby, je, angependa kuuza bima? Wanasiasa wakipita Voi huwakumbuka vijana kwa fulana na soda. Mwisho alichoka na bahasha, akaanza kuokota chakavu. Angalau chakavu hakikuomba experience. Na sasa Lorine, mama mmoja anayesimamia maonyesho kule Nairobi, alikuwa ameona picha za ndovu kwenye simu akaandika: huyu ndiye atasimama mlangoni. Lori lingekuja Jumamosi. Daisy alisoma ujumbe ule akalia, si kwa furaha, kwa uchovu tu, kama mtu anayetua ndoo.

Makopo yenyewe yalitoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Huko watu huzungushia mashamba nyaya zilizoning'inizwa mabati na makopo. Ndovu akizigusa, kelele humrudisha porini. Daisy alikwenda kutafuta yaliyochakaa, maana kutu nzuri hainunuliwi dukani. Akauona uzio wa Mama Titus. Wa majirani ulizunguka mahindi na pojo. Huu ulizunguka nyumba, mpaka nyuma ya jikoni. Aliliona hilo, na hakuuliza. Mama mwenyewe alikuwa Miasenyi kwa binti yake, anatibiwa macho. Titus, mwanawe wa mwisho, mtu mzima na ndevu zake, alifurahia kubadilishana: uzio mkuukuu kwa nyaya mpya na mabati yanayong'aa. Na kwa kuwa Titus ni mtu wa akili, hakuuweka mpya pale ulipotoka ule wa zamani. Aliuzungusha kwenye mahindi, mahali ndovu wanapita kweli.

Siku ya pili makopo yalilia tena, saa saba ile ile. Siku ya tatu mlio ulikuja na harufu, harufu ya mvua inayoangukia vumbi, tamu, ya baridi, katika mwezi ambao hata mabomba yalikuwa yanakohoa. Oloo alitoka nje kutazama mawingu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Aliporudi hakutaja joto tena, akahamishia mashine yake ya kuchomelea barabarani na kusema humo ndani hewa ni chache.

Jumatano, Mama Titus alipiga simu. Alikuwa amerudi nyumbani. Hata salamu hazikuisha.

"Yanalia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yanalia, mama. Saa saba."

Kuku mmoja akasikika kwa mbali upande wa pili. Kisha yule mama akaeleza, bila haraka, kama mtu aliyechoka kuibeba habari hiyo peke yake. Marehemu mumewe, Ndulu, alikuwa akichimba mawe ya thamani nyuma ya Kasigau. Siku moja alifungua shimo lililokuwa tayari limechimbwa, na halikuchimbwa na watu. Alirudi nyumbani na kitu mgongoni, yeye asijue. Wiki hiyo Reuben, kifungua mimba wao, aliinuka mezani saa saba mchana, tonge likiwa bado mdomoni, akatoka. Walimkuta siku ya tatu ameketi, ameegemea jabali, nguo safi, mdomo umejaa tope. Mwaka huo Kasigau nzima haikuona tone la mvua. Kanisa liliomba. Halafu, usiku, wakamwita mganga kutoka upande wa Kinango, na mganga akawaambia kwamba jini huyo ni mwizi, na mwizi hapendi kusikika. Ili ambebe mtu lazima apite naye mpakani. Makopo yakilia mpakani, humwacha mtu huyo. Akafunga yale makopo kwa mikono yake, fundo kwa fundo. Sasa na yeye amekufa.

"Kwa hivyo anakuja huku kwangu?" Daisy aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Yuko hapa. Anazunguka nyumba kama kila siku. Makopo yanalia huko kwa sababu anapita pale yalipokuwa. Anapita hapa kimya, na kelele zake zote ziko kwako."

Daisy akauliza, kama sasa hakuna uzio, kwa nini hajaingia.

"Mazoea," mama akajibu. "Amezunguka miaka mingi, amezoea kuzunguka. Siku akigundua kwamba hakuna kitu, ataingia. Na mwana aliyebaki nyumbani ni Titus. Nirudishie."

Daisy aliahidi kesho. Na kesho ilipofika alishika kitambaa akapangusa masikio ya ndovu, akijiambia yale ambayo mtu mwenye digrii hujiambia: kwamba macho ya mama yanaumwa, kwamba wazee hawakosi hadithi, kwamba lori ni Jumamosi na maisha hayamletei mtu wa Birikani lori mara mbili. Titus angeweza kwenda kulala Miasenyi siku mbili, kwani ni mti? Alimpigia kumwambia hivyo. Titus akacheka, akasema hawezi kuacha mahindi kwa ndovu, na kwamba mamake amemshika shati tangu asubuhi kama mtoto wa nursery.

Siku hiyo mlio haukuzunguka. Ulikaa kwenye tumbo la ndovu, kopo moja tu, ukigonga na kunyamaza, ukigonga na kunyamaza.

Ijumaa, saa saba ilifika na makopo hayakulia. Walingoja, Daisy ndani, Oloo mlangoni. Saa saba na nusu. Hakuna mlio, hakuna harufu. Daisy akahisi mabega yanashuka. Oloo akanunua soda mbili baridi, akafungua ya kwanza kwa meno, akaishikilia bila kunywa.

"Daisy," alisema taratibu. "So ameingia wapi?"

Hakuna aliyekunywa zile soda. Musyimi, jirani muuza mchanga, akawaazima pikapu yake. Walimlaza ndovu nyuma, Oloo akakamata usukani, na kutoka Voi hadi Maungu, na kutoka Maungu kwenye ile barabara ya mashimo ambayo hukumbukwa kila kampeni, Daisy alikuwa nyuma amepiga magoti ndani ya tumbo la kazi yake, akikata nondo, akichomoa masikio, akikunjua mgongo aliouchomelea kwa miezi minne, nyaya zikimchana viganja, simu ikitetemeka mfukoni kwa jina la Lorine hadi ikachoka, na kila gari liliporuka shimo makopo yalilia yote kwa pamoja, kelele za kawaida tu, kelele za taka, na hakuwahi kusikia kitu kinachompa faraja namna hiyo.

Titus alikuwa hai. Alikuwa ameketi mlangoni, kimya, na mamake kando yake, vidole vimejisokota kwenye shati lake. Tangu saa saba hajasema neno, mama alinong'ona. Hewa ya uani ilikuwa na ubaridi na harufu ya mvua.

Walifunga uzio kuanzia jikoni, Oloo upande wa nje akivuta, Daisy upande wa ndani, ambako mafundo hukazwa, akining'iniza kila kopo na fundo lake kwenye nguzo zile zile. Jua lilikuwa limegusa bega la Kasigau walipofika langoni. Ikabaki miisho miwili ya waya na pengo la kupita mtu mmoja, na Daisy amesimama ndani ya pengo, Oloo hatua mbili mbele yake, nje.

Kopo la jikoni likalia.

Kisha la pili yake. Wote walitazama porini, ng'ambo ya nyaya, kulikokuwa na vumbi na miiba tu. Ni mama aliyeona kwanza, pamoja na macho yake mabovu. Nyaya zilikuwa zimevimba kuelekea nje. Kila kopo lililolia lilisukumwa kutoka ndani, na mlio ulikuja polepole kufuata uzio, dirisha la Titus, tangi la maji, kibanda cha kuku, ukitafuta mahali pasipo na kitu, na Titus, ambaye shati lake lilikuwa limepasuka mikononi mwa mamake, alikuwa ameinuka na kutembea uani kuelekea langoni kwa mwendo ule ule, hatua moja, kopo moja, hatua moja, kopo moja, mdomo wake ukiwa wazi na mweusi kwa ndani.

"Toka, Daisy," Oloo alisema kwa sauti iliyokauka. "Ruka huku. Tafadhali, dada."

"Asipite naye," mama alisema nyuma. Hakupaza sauti. "Makopo yakilia hapo atamwacha. Lakini hatakuwa na pa kwenda. Tutakuwa naye humu."

Daisy alitazama barabara. Aliwaza, bila uchungu wowote, kwamba lori lingefika Birikani asubuhi na kukuta sakafu tupu. Kisha akarudi hatua moja, akaingia uani, akavuta miisho ya waya mpaka ikakutana, na akakaza fundo kutoka ndani.