Gari Lililozibwa kwa Pamba

Wale mnaopita njia ya ufukweni Bangwe mnaikumbuka nyumba ya Nehemia ilivyokuwa. Asubuhi mkewe Angelina anatandaza dagaa, Nehemia amelala chali chini ya mtumbwi anagonga pamba kwenye nyufa za mbao, na binti yao Merina, mwenye miaka sita, amechuchumaa pembeni na kopo la mawese. Baba akinyoosha mkono, mtoto anachovya pamba kwenye mawese na kumpa. Ndivyo mitumbwi yetu inavyozibwa isiingize maji, na Nehemia alikuwa fundi hasa wa kazi hiyo. Hakuwa mlevi. Hakumpiga mkewe. Nasema haya mapema kwa sababu mtu akiangamiza nyumba yake, watu hukimbilia kudhani ni pombe.

Mimi ni Leonia, fundi cherehani, jirani yao ukuta kwa ukuta. Naeleza kwa sababu nimechoka kusikia mtaani kwamba Merina alirogwa. Hakurogwa na mtu. Na mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya lawama, mtaiona.

Mwaka huo ulikuwa 2015. Mnaujua mwaka ule, wakimbizi kutoka Burundi walivyojaa kijiji cha Kagunga mpakani hadi meli zikawa zinawaleta mjini usiku na mchana, kisha mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu. Angelina ni mzaliwa wa Rumonge, hukohuko Burundi, na mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao. Alipita hapa Kigoma bila sisi kujua. Tulipata habari kwa simu akiwa tayari yuko kambini, miguu imevimba, moyo unamsumbua. Bibi huyo naye aliitwa Merina. Mtoto alipewa jina lake, kwa hiyo wao wakiongea kwenye simu waliitana somo. Bibi alikuwa hajamwona mjukuu tangu arobaini yake.

"Mwanangu, mniletee somo wangu nimshike," alimwambia Angelina. "Sina hitaji jingine."

Angelina alitaka wapande basi kesho yake. Nehemia akasema, "Subiri mke wangu. Tutakwenda na gari letu. Mama yako aone binti yake hakuolewa na mtu wa ovyo."

Gari lenyewe lilikuwa limefika uani wiki hiyohiyo. Nehemia alimjengea mtumbwi mfanyabiashara mmoja wa Mwanga, hapahapa mjini, naye akamlipa kwa kigari chekundu cha milango miwili, kifupi nyuma, vile vya vijana wapenda mbio. Kilikuwa kizima, kinakwenda. Angeweza kukiwasha akaondoka. Lakini vijana wa kijiweni walimwambia kwamba gari kama lile halifai kubaki kama lilivyotoka kiwandani, na wakaanza kumfundisha mambo ya kufanya nyumbani bila kumlipa fundi.

Mama yetu mkimbizi akasubiri wiki tatu.

Wiki ya kwanza Nehemia alikata springi kwa msumeno ili gari likae chini. Akang'oa kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki na mtambo wa kupoza hewa, eti gari liwe jepesi. Akapaka boneti rangi ya buluu iliyobaki kwenye mitumbwi. Akabandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya nyuma, vile visivyofunguka. Kila akimaliza kitu alituita tuone.

"Haijanigharimu hata shilingi, shangazi," alikuwa ananiambia. "Bure kabisa!"

Nami nilicheka na kumpongeza. Nilisema anastahili kuajiriwa Dar es Salaam. Mungu anisamehe.

Mwisho akaugeukia mngurumo. Alikata sailensa inayopunguza kelele akaitupa, na bomba la moshi, ambalo lilipaswa kufika nyuma kabisa, akaliacha limeishia chini ya sakafu ya gari. Gari likawaka kwa kishindo, watoto wote wa Bangwe wakashangilia. Sakafu pale nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, na alipong'oa kiti ikabaki na matundu. Nehemia hakuhangaika. Alichukua nyundo yake na pamba yake, akamwita Merina alete kopo la mawese, na baba na mwana wakaziba matundu yale kama wanavyoziba mtumbwi.

Alikuwepo fundi magari mmoja, Oswald, aliyekuja kumsalimia. Aliinama akachungulia chini, akasimama na uso umebadilika.

"Nehemia, rudisha bomba hili nyuma. Na hapa uweke bati, lichomelewe."

"Kaka, mitumbwi yangu imevusha watu kutoka Kagunga. Umesikia hata mmoja umeingiza tone?"

"Maji yakiingia unayaona. Moshi huu huuoni. Na pamba hiyo itaungua, bomba lina moto."

"Unataka kazi tu wewe," Nehemia akamjibu, na vijana wakacheka.

"Nitakuchomelea bure," Oswald akasema. "Kesho asubuhi."

Asubuhi yake Nehemia hakwenda. Alisema akienda, vijana watasema ameshindwa kazi yake mwenyewe. Ndugu zangu, mtoto yule alipotea kwa maneno hayo.

Kwa kuwa kiti cha nyuma hakikuwepo, Merina alihitaji mahali pa kukaa. Angelina akaniletea kipande cha godoro nikishonee foronya. Niliishona kwa kitenge cha maua ya njano, nikaweka na vikamba vya kulifungia. Nilipomaliza Merina alijilaza juu yake sakafuni kwangu akakataa kutoka.

Safari yenyewe nilisimuliwa na Angelina, sikuwepo. Waliondoka asubuhi, yeye na mumewe mbele, Merina nyuma juu ya godoro pamoja na kiroba cha dagaa na dumu la mawese la bibi. Baada ya Kidahwe barabara ilikuwa inatengenezwa. Malori yalikuwa yanapishana na vumbi jekundu halikutulia. Nehemia akapandisha vioo vya mbele. Angelina alisema kuna joto, wafungue kidogo.

"Unataka mama akuone umejaa vumbi kama mkokoteni?" mumewe akasema. "Vumilia."

Mtoto akaita kutoka nyuma, "Baba, gari linanukia kama jikoni!"

Nehemia akacheka. "Ni mawese yetu hayo, yanapata moto."

Baadaye kidogo Merina akasema, "Mama, kichwa kinaniuma."

Angelina mwenyewe kichwa kilikuwa kinamuuma. Alidhani ni joto na kelele. Akageuka akamwambia, "Lala, mama. Ukiamka utamkuta somo wako."

Maneno hayo Angelina ameyarudia mbele yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hayamtoki.

Walipofika Kasulu aliomba wasimame, anataka kutapika. Nehemia akamwomba avumilie, wamekaribia, na watu walikuwa wanaligeukia gari lao njiani. Angelina akatapika kwenye khanga yake. Aligeuka mara mbili kumtazama mtoto, lakini karatasi nyeusi zilifanya nyuma kuwe giza, akaona amelala vizuri. Kama Merina aliita tena, hawakumsikia. Mngurumo ule Nehemia aliouhangaikia ulifunika sauti yake.

Bibi Merina alikuwa amewasubiri kando ya barabara ya kuingilia kambini tangu asubuhi, ameegemea fimbo, amefunga kitenge alichoazimwa na jirani wa hema la pili. Alilisikia gari kabla hajaliona. Kila mtu alilisikia. Lilipozimwa hakungoja salamu ya mkwe wala ya binti yake, akaenda moja kwa moja nyuma akagonga kioo cheusi.

"Somo! Somo wanje! Nimekuja kukupokea!"

Nehemia alizunguka akainua mlango wa buti kwa madaha, kama mtu anayefunua zawadi. Merina alikuwa amelala kwa ubavu juu ya maua ya njano, mkono mmoja juu ya kiroba.

"Usimwamshe, amechoka," bibi akasema kwa upole. "Mwache niguse tu mguu."

Akaugusa. Akaushika kwa mikono miwili, akausugua kama unavyompasha joto mtoto mwenye baridi. Kisha akasema, "Mana yanje we," yaani Mungu wangu kwa Kirundi chao, kwa sauti ndogo sana, na akakaa chini palepale kwenye vumbi bila kuuachia.

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi hakuwa na la kufanya. Aliuliza walikuja na usafiri gani, akatoka, akainama chini ya gari. Pamba yote ilikuwa imeungua. Mahali pake palikuwa na tundu linalopitisha ngumi, mdomo wa bomba chini yake, na godoro juu yake. Wazazi mbele walikuwa wanapata hewa kidogo iliyopenya kwenye milango. Mtoto alikuwa anavuta moshi mtupu.

Tulimzika Bangwe. Bibi alikuwa mgeni kambini, hajapata kibali cha kutoka, hakuzika. Foronya ilirudishwa kwangu. Upande wa juu maua yalikuwa safi kama nilivyoyashona, upande wa chini umeungua na kuwa mweusi. Sijashona kitenge cha rangi ile tena.

Siku ya arobaini Nehemia alisimama mbele yetu. Alisema, "Niliwaambia wote kwamba haijanigharimu hata shilingi." Kisha akakaa. Angelina hakuwepo kumsikia. Amepanga chumba Makere, karibu na kambi, anamuuguza mama yake. Nehemia alimfuata mara tatu. Mara zote tatu Angelina alimpa chakula, akamsindikiza hadi kwenye basi, na akarudi ndani.

FUNZO

Mfano huu ni wetu sote, si wa Nehemia peke yake. Ugonjwa uliomuua Merina unaitwa sifa, na sisi tulioshangilia uani ndio tulioulisha. Gari si mtumbwi. Ujuzi wa kazi moja haukufanyi fundi wa kila kazi, na anayekuonya mbele za watu hajakudharau. Kiti, bomba, tairi la akiba, hakuna kilichowekwa garini kujaza nafasi. Ukiona cha kung'oa ili upendeze, kwanza muulize anayejua, na ukiambiwa rudisha, rudisha, hata kama kijiwe kizima kitakucheka.

Na mtoto akikuambia gari linanuka, au kichwa kinamuuma, simama. Usimwambie alale. Mshushe, fungua milango na vioo vyote, mwache avute hewa. Vumbi mtaliosha mkifika.