Salamu Zilizokwama Juu ya Paa

Bati ndilo lililowakutanisha. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa pomoni, kila mteja akipaza sauti ahudumiwe kwanza, na Mwalimu amesimama katikati ya vurugu hiyo na magongo kwapani, mguu mmoja kwenye plasta, gauni la njano limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini. Mpagazi nyuma yake akaponyokwa na bati. Jamani, kishindo! Mwalimu akarukia mguu mmoja, magongo yakaenda huku, yeye kule, na aliyemdaka alikuwa kijana mrefu wa ovaroli la buluu, penseli sikioni.

"Pole, dada. Na huo mguu mwingine uliuvunjia humu humu dukani?"

"Niliuvunjia sebuleni," akajibu. "Paa letu linavuja, nikateleza kwenye maji. Nimekuja kutafuta mabati na fundi."

"Basi fundi umeshamwangukia."

Mwalimu hakutaka kucheka, akacheka.

Aliishi na mama yake chini ya mteremko, na alifundisha watoto hesabu kwa mtandao akiwa nyumbani. Paa lao la zamani lilikuwa bati lenye kutu lililochanganywa na vipande vya plastiki vya kuingiza mwanga. Kabla kazi haijaanza walishapendana, na Fundi alikuwa akimpigia simu kila jioni, lakini mvua ikinyesha juu ya hilo paa hapakuwa na mapenzi, palikuwa na "Mpenzi, rudia, sijasikia" mpaka mmoja anachoka na kukata. Fundi akaapa kimoyomoyo kwamba atampa paa tulivu, hata akinong'ona asikike. Chini ya mabati mapya akatandika sponji lenye karatasi ya rangi ya fedha inayong'aa, ukuta hadi ukuta, bila kuacha upenyo. Hakumwambia mtu. Ilikuwa zawadi yake.

Siku ya kumaliza, mama mtu alimtania Fundi akishuka ngazi kwamba binti yake huchumbiwa mlangoni, si darini. Fundi alicheka, lakini maneno yalimwingia. Kazi kubwa ilikuwa inamwita, kuezeka kiwanda katika mji wa mbali, na asingerudi karibuni. Jioni ile akajipa moyo, akamwandikia Mwalimu: "Nibaki tuoane, au niende?"

Tiki moja. Kesho yake tiki moja. Akipiga, hapatikani. Mwenye simu yeyote anajua tiki moja maana yake nini, au anadhani anajua. Fundi alibaki ameduwaa kitandani, simu mkononi, akiwaza kwamba amebadilishwa kama soksi. Amenibloku, akasema, na mama yake alishanionya. Kwenda kubisha hodi kwa mtu aliyembloku hakuweza.

Na huku bondeni? Huku mtandao ulikufa siku ile ile. Nyuso za wanafunzi ziliganda kwenye kioo midomo wazi, na Mwalimu akailaumu kampuni ya intaneti. Lakini kilichomliza si kampuni. Mtandao umekufa, sawa, alimwambia mama yake, na miguu ya Fundi nayo imekufa? Mlango si anaujua? Mama alijuta utani wake, ila plasta ilikuwa bado, na tangu purukushani ya dukani daktari alimkataza binti hata kufika uani.

Hatimaye, mama alipokwenda kulalamika ofisini kwao, kampuni ikamleta fundi wa mtandao, dada wa suruali ya jinzi na ngazi yake begani. Akaitazama ruta kwenye rafu, akafungua kifuniko cha dari, akachungulia, akaguna.

"Nani kawaezekea? Kafanya kazi safi. Ila kawafungia ndani ya sufuria, na mfuniko juu."

Akaeleza kwamba mnara uko kilimani, nyuma ya nyumba, na mawimbi yalikuwa yakiingilia kwenye vile vipande vya plastiki. Sasa yanagonga bati na karatasi ya fedha, yanarudi yalikotoka. Na simu pia, Mwalimu akauliza. Na simu pia. Yule dada akaichukua, akatoka nayo uani kumwonyesha.

Simu ikaanza kulia mfululizo kama bisi kwenye moto. Mwalimu alitoka kwa magongo bila kumwangalia mama yake. Akasoma ujumbe wa kwanza, ule wa kuoana. Akasoma wa mwisho, wa asubuhi ile: "Nimekuelewa. Lori linaondoka mchana. Nakutakia heri." Mchana wenyewe ndio huo.

Akapiga. Muungurumo wa lori, halafu sauti ya Fundi.

"Mwalimu? Si ulinibloku?"

"Wewe ndiye umeibloku nyumba nzima, kwa paa lako."

"Paa langu?"

"Ile karatasi ya fedha. Haiingii simu, haitoki. Ujumbe wako nausoma sasa hivi, nimesimama uani kwa mguu mmoja."

"Niliiweka ili unisikie," akasema polepole, kama mtu aliyepigwa kofi.

"Sasa najua, mpenzi. Rudi uniulize."

Lori zima lilirudi, wenzake wakilalamika kwa kicheko. Fundi alibisha hodi mlangoni, shati jeupe la safari limelowa, maana mvua ilishaanza. Mama akamfungulia, akakumbuka maneno yake mwenyewe, akakimbilia jikoni. Nje, chini ya ukingo wa paa, yule dada alikuwa ameshafunga kinasa mawimbi, waya wake umepita dirishani. Fundi aliutazama waya, akaitazama dari, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Kwa mikono yangu," akasema. "Nilikupoteza kwa mikono yangu."

"Hujanipoteza. Uliza."

Mvua ilikuwa inamwagika hasa, lakini sebuleni ilisikika kwa mbali tu, kama iko kwa jirani. Fundi akapiga goti kando ya ule mguu wa plasta, akanong'ona swali lake. Mwalimu akafungua kinywa.

"Mjibu, mwanangu," mama akasema kutoka jikoni. "Lori linamsubiri."

Wote wawili waliruka.

"Mama, umesikia?"

"Kila neno."

Mwalimu akamtazama Fundi, machozi na kicheko pamoja, akasema ndiyo. Fundi akatoka nje kwenye mvua kwenda kushusha begi lake lorini.