Kufuli la Chumba cha Tisa

"Tatu. Mbili. Moja. Naomba neno."

Sindano, mlinzi wa mashahidi, alibonyeza redio yake ya Motorola. Kioo kikaandika: KIJIKO.

Akagonga mlango wa chumba cha tisa. Ndani alijificha karani wa forodha, mama wa makamo aliyeona kreti za bunduki zikipitishwa kama mabomba ya maji. Saa sita mchana alitakiwa mahakamani. Bila yeye, wale wasafirishaji wangetoka mahakamani wakicheka.

"Kijiko," Sindano alisema.

"Sivyo. Sikufungulii. Nenda zako!"

Neno hilo la siri halikuwekwa popote. Mtambo wa ulinzi ulilitunga pale tu lilipoombwa mara ya kwanza, ukalituma kwa mwombaji na kwa shahidi. Hapakuwa na kitu cha kuiba mapema.

Alizima redio, akateremka nusu ngazi, akajibanza. Akampigia simu Fundi, aliyeandika programu ya mtambo.

"Neno limekataliwa."

Vidole viligonga kibodi.

"Mungu wangu! Maombi mawili yameingia kwa pamoja. Kila moja limechungulia, limekuta patupu, limetunga neno lake. La pili limefuta la kwanza. Shahidi ana BLANKETI."

"Ulijua inawezekana?"

"Niliona mwezi uliopita. Nikasema, nani atabonyeza sawia na mwenzake?"

"Aliyenisikia nikihesabu."

Ni mmoja tu aliyemsikia. Ndiye aliyemwambia asubuhi ile, "Hesabu kwa sauti, shemeji, nijue umefika." Mume wa dada yake. Mwenzake wa kazi kwa miaka sita, zamu hii akilinda lango la nyuma.

Alitamani awe amekosea.

"Futa neno. Sasa hivi. Kisha weka kufuli kwenye mtambo. Mmoja aingie, wengine wangoje nje."

"La jengo zima? Mashahidi wengine watakwama."

"Chumba hiki tu."

"Sawa. Na ndani ya kufuli mtambo uchungulie tena kabla ya kutunga, ili aliyengoja asitunge lake. Nipe dakika mbili."

"Una moja."

Hatua zilisikika juu, zikitokea ngazi za nyuma. Kisha sauti aliyoizoea mezani kwa dada yake.

"Blanketi."

"Kwangu limefutika," karani alijibu. Sauti yake ilitetemeka. "Sifungui."

"Tayari," Fundi alinong'ona. "Omba."

Sindano aliwasha redio, akabonyeza. NDOO.

"Usiachie kufuli mpaka nikwambie."

"Kuna mwingine anaomba. Anangoja. Redio namba mbili, ya lango la nyuma."

Alifumba macho. Hakuwa amekosea.

Alipanda kimya, bastola yake ya Glock mkononi. Shemeji alisimama mlangoni, bastola yenye kizuia sauti kulia, redio kushoto. Kioo chake kiliandika: SUBIRI.

"Weka chini, shemeji."

"Imekwama," alisema bila kugeuka, kama mtu anayelalamikia mtandao. "Walinitajia shule ya watoto. Na darasa."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Shemeji aligeuka, bastola ikiinuka.

Sindano alifyatua risasi moja. Begani.

Alianguka. Sindano alipiga teke bastola yake, akamfunga pingu, akamkandamiza jeraha kwa skafu yake mwenyewe.

"Ndoo," aliuambia mlango.

Karani alifungua, mkoba kifuani. Alitazama sakafu.

"Unamjua, mwanangu?"

"Namjua."

Akainua simu. "Fundi, achia kufuli. Ita daktari, na watu wawili wa kumchukua. Gari lingine liende shuleni kwa watoto wake. Haraka."

Sakafuni, redio namba mbili ililia. SUBIRI ikaondoka. Ikaandika: NDOO.

Shemeji aliisoma, akageuza uso ukutani.

Walinzi walipofika, Sindano alimshika karani mkono wakaanza kuteremka. Simu ikatetemeka mfukoni. Dada.

"Mume wangu hapokei. Uko naye?"

"Nilikuwa naye. Usitoke nyumbani, dada. Nikimaliza mahakamani nakuja mwenyewe."

Alikata simu, akarekebisha kola ya koti, akaendelea kushuka kwa hatua zilezile.