Sanduku Moja kwa Wateja Wote

Kila asubuhi Madina alifagia chumba cha kushonea cha mama yake, katika mtaa wa Tshopo, kisha akawasha simu ya kazi. Ndani yake mlikuwa na programu aliyoitengeneza mwenyewe kwenye klabu ya kompyuta: ukurasa wa jina la mteja, ukurasa wa vipimo, ukurasa wa mshono. Kurasa zote alizikabidhi sanduku moja la vipimo, yaani sehemu moja ya programu inayoshika namba.

Ijumaa moja hakukukalika. Maman Florentine, mteja wa siku nyingi, alisimama mlangoni, gauni limemkwama mabegani.

"Hadidja! Hii iko robe ya mutoto! Kesho ndoa ya ndugu yangu, mimi nivae gunia?"

Mama Hadidja akamgeukia Karima, binti yake mkubwa, aliyekata kitambaa. "Macho yako yalikuwa wapi?"

"Maman, nilikata vile simu ilisema!"

"Simu yangu haikosei," Madina akadakia, damu ikimchemka. "Wewe ndiye hujui kusoma namba!"

"Bon, professeur! Basi shona wewe!" Karima akautupa mkasi mezani, akatoka akilia.

Madina akainyakua simu ili amwaibishe dada yake. Akaandika mteja wa kubuni na vipimo vikubwa. Akafungua kazi ya Leila, mteja mwembamba kama ufito, kisha akarudi kwa yule wa kubuni. Juu palikuwa na jina la yule mteja wa kubuni. Chini, vipimo vya mabega ya Leila!

Hapo akaelewa: vipimo vilivyofunguliwa mwisho vilichukua nafasi ya vya mteja mwingine. Sanduku lilikuwa moja kwa wateja wote. Kila mteja alistahili sanduku lake, lizaliwe kazi yake inapofunguliwa, lipite kurasa zake zote, life kazi inapofungwa. Jina la duka la Mama tu ndilo la kubaki lilelile kwenye kila ukurasa.

Angeweza kurekebisha kimyakimya. Lakini Maman Florentine alikuwa amemfuata Karima nje, akimshambulia: "Mikono ya mbao, wewe!" Hasira ya Madina ikageuka, ikamrudia mwenyewe.

"Maman Florentine, muache Karima," alisema akitoka nje. "Kosa ni langu. Programu ilichanganya vipimo."

"Alors ulimutukana dada yako bure?" Mama alifoka. "Mbele ya watu!"

Kipande cha tatu cha pagne, kile kitenge cha gauni, kilikuwa hakijakatwa. Karima alirudi, bado amenuna, akapima upya mabega ya Maman Florentine. Madina alifumua mishono kwa wembe, Karima akaongeza kitambaa mabegani na ubavuni. Kabla ya jua kuzama gauni lilimkaa vizuri. Maman Florentine alijigeuza mbele ya kioo, akaguna, "Donc mulijua kushona!"

Jioni, baada ya Madina kumpa kila mteja sanduku lake kwenye programu, Mama alimwita. Sauti yake ilikuwa bado kali.

"Programu ilikosea, umeirekebisha, hilo limekwisha. Lakini ulimhukumu dada yako kabla hujaikagua kazi yako. Mwanangu, anayejua kazi huanza kwa kujikagua mwenyewe. Sasa nenda ukamwombe Karima radhi, na useme kwa sauti ileile uliyomtukania."