Pazia Lililogusa Sakafu

Ukumbi wa kulipia umeme ulikuwa umefurika watu, na foleni ilikuwa imejikunja mbele ya vidirisha kama utepe uliosahaulika mezani. Katikati yake alisimama mshona mapazia, gauni lake la zambarau likiwa limenyooshwa kwa pasi barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa mazoea. Ghafla jenereta likaunguruma chini ya ukumbi na sakafu ikatetemeka. Hakuna aliyejali isipokuwa yeye. Alibana pumzi, na macho yake yakapanda moja kwa moja darini.

"Samahani, dada," ilisema sauti ya kiume nyuma yake. "Ukiendelea kubana pumzi hivyo utaanguka, nami nitaulizwa nimekufanya nini."

"Niache tu, kaka. Itapita."

"Itapita, lakini tunaweza kuiharakisha. Gonga hapa." Mwanamume huyo alinyoosha kiganja chake, akawa anagonga ubavu wake, chini ya kidole kidogo, taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. "Halafu useme, ingawa nina hofu hii, najipokea jinsi nilivyo."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Watadhani tunaua mbu."

Alimfuatisha kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukataa. Waligonga mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya pua, kidevuni, kisha kwenye mtulinga, mfupa wa chini ya shingo. Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma yao akauliza kwa utulivu kabisa, "Na mimi nigonge wapi ili foleni isogee?"

Mshona mapazia akacheka. Alipocheka ndipo alipotambua kwamba anapumua.

Sasa aliweza kumtazama vizuri huyo bwana: shati la rangi ya maziwa, mikono iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, vidole virefu visivyo na haraka. Watu walimwita Tabibu, ingawa yeye mwenyewe alisema kwamba hakusomea udaktari. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu walioumia moyoni, kwa kugonga sehemu fulani za mwili huku wakitamka lile linalowatesa. Waliomfundisha walisema kwamba mwilini mna njia za nishati, na mshtuko huziba njia hizo. Tabibu hakupenda kubishana juu ya jambo hilo. Alichojua ni kwamba watu huja kwake wakitetemeka na huondoka wametulia.

"Nami nashona mapazia," alisema mshona mapazia alipokuwa akiandika namba ya simu. "Sijui kama Tabibu anahitaji mapazia."

"Jana hakuhitaji," alijibu. "Leo anahitaji sana."

Chumba cha Tabibu kilikuwa ghorofa ya nne, katika jengo la zamani kwenye mtaa wa maduka. Siku mshona mapazia alipokwenda kupima dirisha, mwenye jengo alikuwa anabomoa kuta za ndani za ghorofa ya chini ili apate duka moja pana. Nyundo zilikuwa zinalia, na vumbi jeupe lilikuwa limetanda kwenye ngazi zote, likihifadhi nyayo za kila aliyepita. Juu ya paa, vibarua walikuwa wanapandisha matangi mapya ya maji kwa kamba. Alipofika mlangoni pa kuingilia alisimama, akaweka kiganja ukutani.

"Siwezi kupanda," alimwambia kwenye simu.

Tabibu alishuka. Hakumshika mkono wala hakumhimiza. Alikaa naye kwenye ngazi ya chini kabisa, na hapo, katikati ya vumbi, akasimuliwa.

"Nilikuwa bado mwanafunzi. Dada yangu alikuwa anashona kwenye karakana ya nguo, ghorofa ya juu. Nikampelekea chakula chake cha mchana. Mlango ulikwama, nikausukuma kwa bega. Nikawaambia, kuna kitu kinalia ukutani. Msimamizi akasema, ni lori tu linapita. Dada akanicheka, akaniambia, mwoga wewe, hebu shuka ukaniletee uzi mweusi." Aliizungusha futi kidoleni. "Nilikuwa ninachagua uzi dukani, ng'ambo ya barabara, jengo lilipoanguka."

Tabibu alinyoosha kiganja chake.

Siku hiyo ndipo walipoanza. Kila walipokutana waliigonga hofu ya yule msichana wa zamani aliyebaki ng'ambo ya barabara na uzi mkononi. "Hofu yako ni ngapi sasa, kati ya sifuri na kumi?" Tabibu aliuliza kila mara. Ilikuwa kumi. Ikawa saba, kisha nne, na siku moja akaweza kupanda hadi ghorofa ya nne. Ndoto za kuta zilikoma, na mshona mapazia akaanza kulala usingizi mzito hata mama yake akalazimika kumwamsha kwa kumtikisa.

"Huyo mgonga-watu wako," alisema mama, ambaye alikuwa akishona naye katika kibanda chao kisicho na ghorofa, "amekugonga mpaka moyoni. Tangu asubuhi unashona pindo upande usiofaa."

"Mama, ni rafiki tu."

"Rafiki. Na hiyo hereni moja umevaa kwa sababu ya urafiki, au nyingine umeisahau kwa kukimbilia simu?"

Simu zenyewe hazikuwa na mwisho. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula. Na wewe, laazizi?" "Nakusubiri wewe unipakulie." Mazungumzo ya namna hiyo, ambayo mtu wa tatu akiyasikia huona aibu kwa niaba ya wenyewe. Mshona mapazia alishona mapazia ya buluu iliyoiva, akayatundika kwa mikono yake, na pindo akaliacha likielea kidole kimoja juu ya sakafu, usawa mmoja kutoka kushoto hadi kulia. Tabibu alisimama nyuma yake, akasema kwamba chumba kimepata mwenyewe.

Hata hivyo nyundo za chini hazikunyamaza. Mlango wa chumba ulianza kukwama. Tabibu alimwita seremala akaupiga randa, ukafunguka, na baada ya muda mfupi ukakwama tena. Kikombe cha chai kilichowekwa mezani kilihama chenyewe polepole kuelekea dirishani, nao wakakicheka.

Alasiri moja, Tabibu alipokuwa akimwagia maua maji, alisema bila kugeuka, "Nyumba ya jirani, hapa hapa ghorofani, itakuwa wazi. Nimezungumza na mwenye jengo. Ina jiko kubwa na chumba chenye mwanga wa kukutosha wewe na cherehani yako. Nataka tuishi humo, Fundi wangu. Kwa ndoa."

Mshona mapazia alikuwa anatazama pazia. Upande wa kushoto, pindo lilikuwa bado linaelea. Upande wa kulia lilikuwa limelala sakafuni, na ncha yake imeshika vumbi jeupe.

"Tabibu, pazia limegusa chini."

"Kitambaa kimeachia, kimerefuka. Vitambaa huachia."

"Cha kwangu hakiachii upande mmoja. Jengo limeinama."

Tabibu alimtazama kwa macho yale yale ya upole aliyokuwa nayo kule kwenye foleni. "Kipenzi, hofu imerudi kwa sababu nimetaja nyumba. Ni kawaida. Keti tugonge."

Akakaa, na hilo ndilo alilokuja kulijutia sana. Alikaa kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa mikono hiyo ilikuwa imemponya kweli. Waligonga, akatamka, "Ingawa nahofia jengo hili, najipokea jinsi nilivyo." Chini, nyundo zikaitikia. Hofu ilishuka hatua kwa hatua hadi ikatoweka.

"Ngapi sasa?"

"Sifuri," alisema, na ilikuwa kweli.

Alirudi nyumbani ametulia tuli. Alimsimulia mama yake habari ya ndoa, ya pazia, na ya sifuri. Mama aliweka mkasi chini.

"Hofu imeondoka. Nimefurahi. Na pazia, limeondoka sakafuni?"

Hapo baridi ikamshika mshona mapazia. Hakuwa anaogopa jengo. Alikuwa anaogopa kwamba yeye haliogopi tena. Alijaribu kuitafuta hofu yake kama mtu anayepapasa mfukoni ufunguo aliouzoea, asiupate. Akachukua simu.

"Mpenzi, ondoka humo. Mwite mhandisi alitazame jengo kwanza."

"Kama hutaki kuolewa nami, sema," alijibu Tabibu, na sauti yake ilikuwa imejeruhiwa. "Usinitafutie nyufa."

"Nani amesema sitaki? Nataka uwe hai siku hiyo."

"Unaona ulivyoanza kuhema? Gonga mtulinga, taratibu..."

"Nijibu jambo moja. Hapa unazungumza na mpenzi wako, au na mgonjwa wako?"

Kabla hajajibiwa alisikia, kupitia simu, mlio mrefu mwembamba, kama wa mti unaopinda.

"Ni nini hicho?"

"Hicho? Ni lori tu linapita."

Alikata simu. Mama alimwondolea sindano vidoleni. Siku zilizofuata hakupiga, naye hakupigiwa. Alishona huku sikio likiwa barabarani, na kila gari la zimamoto lilipopita alisimama.

Simu iliita asubuhi moja, kibanda kikiwa kimejaa wateja.

"Fundi wangu." Tabibu alikuwa anahema. "Mlango umetugomea kabisa. Nilikuwa na mteja, bibi mzee, tumeufungua kwa kuvunja kitasa. Niliogopa, nikajigonga kama nilivyozoea. Ikashuka mpaka mbili. Kisha nikatazama pazia lako. Limejikunja sakafuni, kiganja kizima. Nimejituliza, na pazia halikutulia."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Bado niko juu. Bibi miguu yake ni mizito, na watu wa ghorofa nyingine hawajui."

"Shuka naye. Bisha kila mlango unaoupita. Usieleze, waambie watoke tu. Nakuja."

Alikimbia na futi shingoni. Alipofika, watu walikuwa wameanza kumiminika barabarani wakinung'unika: kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, makarani wameshika vikombe, fundi saa na kisanduku chake. Mwenye jengo, suti yake nyeusi imepauka kwa vumbi, alikuwa akiwafokea warudi ndani.

"Ni mganga wa kugonga nyuso aliyewatisha. Na nyinyi watu wazima mnamfuata."

"Mzee," alisema kinyozi, "nimeona ufa unaingia mkono. Wewe rudi ndani, sisi tutakutazama."

Mwenye jengo alilitazama jengo lake. Hakurudi ndani. Vibarua wake nao waliziacha nyundo, wakavuka barabara kimyakimya.

Tabibu hakuwa miongoni mwa waliotoka. Mshona mapazia alisimama ng'ambo ya barabara, mahali kama pale ambapo maisha yalikuwa yamemwacha zamani, na hofu yake ikarudi nzima, kumi kamili. Mkono wake ulipanda wenyewe kuelekea kwenye nyusi. Akaushusha. Akapiga simu.

"Uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili. Bibi anataka kupumzika."

"Mbebe."

"Anasema ataona haya, mimi si mumewe."

"Mwambie mke wako amekupa ruhusa. Mbebe, sasa hivi."

Walitoka kwenye mlango bibi akiwa amebebwa, ameuficha uso begani kwa Tabibu, nywele za wote wawili zikiwa nyeupe kwa vumbi. Walivuka barabara. Mshona mapazia alikuwa amemshika Tabibu kola ya shati wakati kona ya kulia ya jengo iliposhuka. Haikuanguka kwa kishindo mwanzoni. Ilikaa, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Kisha mlio ule mrefu ukasikika, na kila kitu kikawa vumbi.

Vumbi lilipotua, ukuta wa mbele wa ghorofa ya nne ulikuwa haupo. Kwenye fimbo iliyopinda, pazia la buluu lilikuwa bado linaning'inia, juu ya pengo ambapo palikuwa na kiti alichokalia kila walipogonga. Watu walihesabiana kwa sauti za chini, wakarudia kuhesabiana. Hakuna aliyebaki ndani.

Tabibu aliinua vidole kugonga mtulinga wake, mshona mapazia akavishika.

"Ngapi?" aliuliza.

"Kumi."

"Iache kidogo. Hii ya leo haijakosea. Zile za zamani tutazigonga pamoja, mpaka zichoke zenyewe."

"Nilikuambia ni lori."

"Ulisema. Na umetoka." Alimpangusa vumbi machoni kwa ncha ya kitenge chake. "Dada yangu hakupata nafasi ya kutoka, kwa hiyo wewe sikudai zaidi."

Mvua zilipopita, walikwenda kutazama nyumba ya kupanga, nyumba ya chini yenye vyumba viwili na ua mwembamba. Mama alikuja nao, akaagiza aonyeshwe jiko kwanza. Dalali alisifia rangi, akasifia jirani, akasifia hata kivuli. Alipokuwa katikati ya sifa zake, lori lililobeba mawe lilipita barabarani, na vioo vya madirisha vikalialia.

Tabibu na mshona mapazia waliinua macho darini. Dalali aliwatazama asielewe. Tabibu aliuendea mlango, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena na kuufungua. Ulikwenda na kurudi bila kugusa popote. Mshona mapazia alishusha futi yake kutoka fremu ya dirisha hadi sakafuni, kushoto, kisha kulia, akapiga goti kuisoma.

"Usawa mmoja," alisema.

"Na hofu yako ni ngapi?"

Alifikiri kwa dhati kabla ya kujibu.

"Mbili."

"Yangu pia mbili," alisema Tabibu, akaja kupiga goti kando yake. "Tuzishushe?"

"Hapana," alisema mshona mapazia, akaukunja mkono wake ndani ya mkono wa Tabibu. "Hizo mbili tuhamie nazo."