Posa ya Alama Saba

Stendi ya mabasi ya Jalandhar, India, ilifurika watu, wauza karanga wakipigana vikumbo, na katikati yao Navleen alikuwa akiongea peke yake. Alivaa suruali pana ya salwar ya rangi ya haradali, visikilizi masikioni, akimfuatisha mtangazaji wa kriketi wa Kiingereza neno kwa neno.

"Dada, huyo unayegombana naye yuko wapi?" akauliza kijana wa kilemba cha samawati.

"Najifunza Kiingereza. Wewe unajifunza nini, umbea?"

Gurkamal alicheka mpaka basi likamwacha. La pili aliliacha kwa makusudi.

Walikuwa chuo kimoja. Wenzake Navleen walikwenda masomo ya ziada. Yeye alijifundisha bwenini mbele ya kioo, kwa kuwa lugha ile aliipenda basi tu. Kila jioni Gurkamal alimpigia simu.

"Kipenzi, leo umejifunza nini?"

"Neno la mtu anayependa sauti yake mwenyewe."

"Umenisema!"

"Mimi? Si umejitaja mwenyewe!"

Gurkamal ndiye aliyemsihi afanye mtihani wa Kiingereza wa kwendea Kanada, ule uliokwisha kumshinda yeye. "Nifanyie mimi, roho yangu. Ukifaulu, nami nitakwenda kama mumeo." Akafanya.

Matokeo yalipotoka, Gurkamal akasikia Navleen kafeli. Simu zikakoma. Navleen alipompigia, akajibiwa, "Mama ananitafutia mwingine. Usinisumbue."

Kumbe aliyefeli ni Navleen mwingine. Huyu alipata alama saba kati ya tisa, zinazotosha kabisa kwendea Kanada.

Habari zilipomfikia, Gurkamal na mama yake, aliyejitanda shali ya darizi nyekundu, walikuja kwa kina Navleen na boksi la vitamu vya ladu.

"Nilikuwa mjinga, roho yangu. Nisamehe. Tuoane mwezi huu."

Navleen bado alimpenda, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nimekubali," alisema. Baba yake akashusha pumzi. "Ila Kanada siendi. Nimepata nafasi ya shahada ya pili hapa hapa nchini, Patiala. Nataka kufundisha."

"Unatania."

"Sitanii. Nioe, twende Patiala."

Gurkamal akamtazama mama yake. Mama akaweka kikombe chini.

"Binti yangu," alisema kwa upole, "kwa sura hiyo, ulichokuwa nacho ni hizo alama saba tu."

Navleen akamgeukia Gurkamal, akisubiri aseme neno, lolote, kwa lugha yoyote. Gurkamal akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu. Mama akafunika boksi la ladu, akalikwapua mezani, akamfuata mwanawe.