Soksi za Bi Zambeta

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kanisa Zambeta alipofunika bakuli la kalimati kwa kitambaa na kujitanda mtandio wake mweusi. Alikuwa anampelekea wifi yake Kalotina. Si kwa mapenzi. Kalotina alikuwa ameunguza za kwake asubuhi, mtaa mzima ulijua kwa harufu, na Zambeta hakutaka sikukuu ipite bila kumwonyesha kalimati inavyotakiwa kuwa.

Kabla ya kutoka alimgeukia mkaza mwana wake, Danai, aliyekuwa amekaa mbele ya meko na koti lake la mjini mwilini, mtoto kifuani.

"Moto usizimike."

"Nimesikia, Bi Zambeta."

"Na majivu usiyaguse. Kesho padri akishapita na maji ya baraka, ndiyo tunayatoa. Leo hapana."

"Umesema jana. Umesema na juzi."

"Narudia kwa sababu nyie watu wa Athene masikio yenu ni ya kuning'inizia hereni tu."

Danai alipunga moshi mbele ya uso wa mtoto. "Moshi huu unamwingia kifuani."

"Baba yake kakulia kwenye moshi huu huu."

"Ndiyo maana hata akili zake ni moshi."

Zambeta aligeuka haraka akatazama mlango, maana kicheko kilikuwa kimemfika mdomoni na hakutaka kumpa binti yule raha hiyo. Alimdharau, ndiyo. Alimdharau kwa mikono yake isiyojua kukanda unga, kwa jinsi alivyofuta kila kikombe kabla ya kunywa, na kwa kumwita yeye "Bi Zambeta", kana kwamba amekuja dukani kununua sabuni. Wakati wa Krismasi alimpa soksi nene za sufu alizozifuma kwa mkono vuli nzima. Danai alizivaa, akazivua hapo hapo, akasema zinawasha kama upupu. Tangu siku hiyo soksi zilining'inia msumarini kando ya meko.

Lakini kubwa lilikuwa jina. Mjukuu wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake, kila mwenye akili kisiwani anajua hilo, na babu alikuwa Minasi, marehemu mume wa Zambeta. Danai alimtaka mtoto aitwe Ektori. Jina la mpagani wa hadithi za kale aliyeburutwa mavumbini na farasi! Walikuwa hawajakubaliana, kwa hiyo mtoto hakuwa amebatizwa, na mtoto ambaye hajabatizwa hana jina. Watu humwita Joka tu, na hakuna mtu wa kisiwani atakayetamka jina lake kabla ya padri, maana ukilitamka mapema, wasiotakiwa nao wanalisikia.

Wageni wale wa Athene walitakiwa kuondoka mara tu baada ya Krismasi. Upepo ukaivuruga bahari, meli ikazuiwa, na sasa wanawake wawili wasiopendana walikuwa wakiota moto mmoja. Fanuri, mwana wa Zambeta na mume wa Danai, alifanya wanavyofanya wanaume wote wa aina yake. Alikwenda mkahawani kucheza karata.

Zambeta alitoka.

Ni kweli kwamba katika siku zile, kati ya Krismasi na kubarikiwa kwa maji, vibwengo hupanda kutoka chini ya ardhi. Lakini Zambeta hakuwaogopa. Viumbe gani wale? Wanashuka kwenye dohani, wanakojolea makaa, wanatia mikono michafu kwenye unga, halafu wanagombana wenyewe kwa wenyewe kama walevi. Kina mama wa kisiwa huwataja kama wanavyotaja panya. Unalinda moto, unayaacha majivu yalale mahali pake, na wao wanabaki huko juu ya paa wakipiga chafya.

Ila mama yake mzazi, aliyekuwa hasemi ovyo, aliwahi kumwambia kwamba kati yao yumo mmoja mwenye akili. Huyo haji kuchafua.

Huja kukaa.

Kwa Kalotina hakukawia. Aliweka bakuli, akatazama kalimati nyeusi za mwenyeji zilizokuwa mezani, akasema, "Mungu anakujaribu, wifi," akaondoka akiwa ameridhika. Njiani giza lilikuwa limeshaingia. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana kwa sababu ya upepo, na madirisha yote yalikuwa meusi. Alipofika kwenye kisima cha maji ya mvua, pembeni ya nyumba yake, alisikia harufu.

Nywele zilizoungua. Na beberu.

Hakuna mtu mtaani kwao aliyefuga beberu.

Akapiga hatua mbili, mguu ukazama kwenye kitu laini. Akainama, akagusa. Majivu. Yalikuwa yamemwagwa chini ya ukuta, rundo zima, bado yana vuguvugu.

"Ee Mama Mtakatifu," alinong'ona, kisha hasira ikamzidi hofu. Mjinga yule! Kaachiwa kazi ambayo hata mbuzi angeiweza, ya kukaa na kutazama moto. Zambeta alikwenda mlango wa mbele akipanga matusi kichwani, akausukuma, akaingia.

Moto ulikuwa unawaka. Unawaka vizuri, mkubwa kuliko alivyouacha.

Danai alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametandaza sketi, anatikisa susu la mtoto kwa ncha ya mguu. Aligeuza uso na kutabasamu.

"Karibu, mama. Pole na baridi."

Matusi yalimkauka Zambeta mdomoni.

"Umesemaje?"

"Nimesema karibu, mama. Kaa. Umechoka."

Ndani ya susu palikuwa na mtoto, amefungwa nguo vizuri kama wafungavyo watu wa zamani, uso ameuelekeza ukutani. Danai alikuwa anamwimbia kwa sauti ya chini, wimbo ambao Zambeta hakuwahi kumfundisha. Na miguuni alikuwa amevaa soksi za sufu.

Zambeta alikaa taratibu. Moyo wake wa chuma, ambao ulijivunia kutoyumbishwa na mtu, ukaanza kulainika kama siagi. Aliona haya.

"Umezivaa," alisema.

"Zina joto, mama. Mikono yako ni ya dhahabu." Kisha Danai akainama juu ya susu na kusema polepole, "Minasi amelala."

Minasi.

Machozi yalimjaa Zambeta. Jina la mume wake, kwenye mdomo wa mkaza mwana wake, bila kuombwa. Alifurahi. Wacha isemwe wazi: alifurahi kiasi kwamba hakuuliza jambo ambalo hata mtoto wa shule wa pale kisiwani angeuliza: jina linatamkwaje kabla ya padri? Alinyoosha mikono yake kwenye moto ili kuipasha.

Ikabaki ya baridi.

Akaisogeza zaidi. Ndimi za moto zilikuwa karibu kugusa vidole. Baridi. Na chini ya kuni hapakuwa na majivu. Hata punje. Jiwe la meko lilikuwa jeupe, kana kwamba limeoshwa. Akainua macho kutazama kandili ya sanamu takatifu pembeni. Ilikuwa imezimika.

Ngo... ngo... ngo.

Mlango wa uani.

"Fungua!" Ilikuwa sauti ya Danai. Ilitoka nje.

Danai wa ndani hakushtuka. Aliendelea kutikisa susu. "Usifungue, mama," alinong'ona. "Ndio hao. Wanaiga sauti za watu."

Na kweli, wanaiga. Kila mtu anajua kwamba wanaiga. Zambeta alisimama katikati ya chumba. Huku mlango wa uani, wenye komeo la ndani, na nyuma yake ua uliozungushwa ukuta mrefu wa mawe na banda la kuni. Huku kigoda, na uso ule mpole.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi! Nimetoka kuchukua kuni, mlango ukajifunga. Fungua, Bi Zambeta, nina mtoto kwenye koti, anaganda."

"Mtoto yuko hapa, mama," alisema wa ndani kwa upole. "Minasi wetu yuko hapa."

Zambeta alitazama susu. Mtoto hakuwa amegeuka. Hakuwa akipumua pia, au labda macho ya Zambeta yalimdanganya.

"Kama ni wewe," alisema mlangoni, "niite mama."

Upepo.

Kisha sauti ya nje ikapasuka. "Nikuite nini? Wewe kizee mwenye roho ya chumvi! Mtoto anakufa hapa, wewe unataka kubembelezwa? Majivu yako nimetupa, na nitayatupa tena! Ukimwua mwanangu kwa ushamba wako, nitaivunja nyumba hii jiwe kwa jiwe. Fungua!"

Zambeta alihisi kitu kikimfunguka kifuani. Hakuna kibwengo duniani ambaye angeweza kuiga dharau ile. Ile ilikuwa imepikwa kwa siku nyingi, mbele ya meko moja, na mapishi yalikuwa yao wawili.

Akageuka. "Mkwe wangu," alimwambia aliyekaa kwenye kigoda, "hajawahi kuniita mama hata siku moja. Ananichukia, mpumbavu wewe."

Yule aliacha kutikisa susu.

Tabasamu lilibaki pale pale. Ila sasa lilikuwa limebaki kama nguo inavyobaki kwenye kamba baada ya mwenyewe kuondoka. Harufu ya beberu ikajaa chumba. Zambeta alidaka kopo la chumvi kwenye rafu, akalimwaga lote motoni.

Moto ukazimika mara moja. Giza.

Alikimbilia mlango wa uani akipapasa ukuta. Nyuma yake, juu ya sakafu ya mawe... ko... ko... ko. Kitu kinatembea bila haraka. Vidole vikapata komeo. Akalivuta.

Mlango ulifunguka kwa kishindo cha upepo. Mtu akampita bega akiingia. Mtu, au kitu, kikampita bega la pili. Kikitoka. Au kikigeuka. Alisikia sketi mbili zikisuguana gizani, akasikia pumzi mbili. Mtoto akalia mara moja, akanyamaza. Kisha mlango ukajifunga wenyewe.

"Danai?"

"Niko hapa."

Kiberiti kilimvunjikia mara mbili ndipo kikawaka. Alikuwepo Danai mmoja tu, amesimama katikati ya chumba, nywele zimetimka, mtoto kifuani. Susu lilikuwa na nguo zilizofungwa vizuri. Zambeta alizifungua kwa ncha za vidole. Ndani yake mlikuwa na majivu tu, yenye vuguvugu.

Aliwasha kandili, akawasha moto upya, wa kweli huu, uliomchoma vidole akashukuru. Alisubiri matusi. Alikuwa ameyastahili, na alikuwa na yake ya kujibu. Danai alikaa kwenye kigoda, akatandaza sketi, akautazama moto bila kusema neno. Ameshtuka, Zambeta alijiambia. Nani asingeshtuka? Fanuri aliporudi kutoka kwenye karata alipewa habari nusu, akacheka, akalala. Mwanamume wa kutumainiwa kweli kweli.

Asubuhi padri alikuja na beseni lake na shada la rihani. Akanyunyiza kila pembe, akanyunyiza meko. Tone likamdondokea mtoto, naye akalia kama mtoto yeyote. Zambeta alimkodolea macho mkwe wake akisubiri afute shavu la mtoto kwa leso, kwa kinyaa, kama alivyofuta kila kitu tangu alipofika.

Danai hakufuta. Aliinama, akaubusu mkono wa padri.

"Umeona, mama?" Fanuri alinong'ona kwa furaha. "Ameanza kuzoea. Na upepo umetulia, meli inaondoka jioni."

Majivu yalitolewa yote, meko likafagiwa. Danai alipika kahawa, akamletea Zambeta kwa mikono miwili. Ilikuwa kahawa nzuri, yenye povu juu, kama ya kisiwa. Zambeta alionja, akakiweka kikombe mezani kwa nguvu hadi kahawa ikamwagika.

"Takataka," alisema. "Maji ya kuoshea miguu ya punda. Mama yako hakukufundisha hata kuchemsha maji?"

Akamtazama. Alikuwa anamwomba kwa macho. Nitukane, mwanangu. Niite kizee. Niambie nyumba yangu inanuka.

"Nisamehe, mama," alisema Danai. "Nitapika nyingine."

Zambeta aliteremsha macho polepole, kupita koti la mjini, kupita pindo la sketi, mpaka sakafuni.

Soksi za sufu.

"Zivue," alinong'ona. "Zivue hizo. Ulisema zinawasha."

Danai alimpakata mtoto vizuri begani, akamtikisa taratibu, akatabasamu.

"Haziwashi hata kidogo, mama."